Safari Isiyo ya Msiba wala Hospitali

Yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, hajasimama. Naanza na hilo kwa sababu kanisani kwetu, mtu akiomba nafasi ya ushuhuda huku ndugu yake amekaa kando yake kwenye kiti cha magurudumu, makofi huanza kabla hajafungua mdomo. Watu wanangoja magongo yatupwe. Miguu ya Yaya iko vile ilivyokuwa tangu polio ilipompata kule Kasomeno, akiwa mtoto anayejifunza kutembea. Chembe za neva zinazouawa na polio hazioti tena. Kilichogeuka ni ukoo wetu, na zaidi ya wote mimi mdogo wake. Zamani tukihesabu anachohitaji Yaya tulitaja dawa, chakula na maombi. Siku hizi tunahesabu na furaha yake.

Kasomeno ni njia panda. Barabara itokayo Lubumbashi ikifika pale inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Kasenga, kwenye mto Luapula, na mwingine unapanda kuelekea Kilwa na Pweto, kwenye ziwa Mweru. Magari ya samaki yanayokwenda kulisha Lubumbashi hupita mbele ya meza ya Yaya. Hapo chini ya bati anatengeneza redio na simu tangu mimi sijaanza shule. Ada yangu ya msingi, ya sekondari na ya ualimu ilitoka kwenye meza hiyo. Leo nafundisha darasa la tatu mjini Lubumbashi kwa kuwa mtu mmoja wa njia panda alikubali kuunguza vidole kwa risasi ya kuchomelea, mwaka baada ya mwaka.

Yaya alikuwa amesafiri, tena sana. Alipelekwa kupimwa vyuma vya miguu. Alipelekwa kwenye mikutano ya maombi, akawekwa mstari wa mbele na kushikwa kichwa na watu wasiomjua jina. Alipelekwa kwenye matanga ya baba, ya shangazi, ya mjomba. Kila safari ilikuwa na sababu nzito, na kila mara watu wazima walimpandisha na kumshusha garini kwa mikono yao. Hakuna aliyewahi kumwambia: Yaya, twende tu, tukaone vitu, tule, tucheke, turudi.

Wazo lilitoka kwake mwenyewe. Nilikuwa nimewapeleka wanafunzi wangu kwenye bustani ya wanyama ya Lubumbashi, na usiku nikampigia simu kumsimulia. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama sokwe wapo: "Na sokwe? Beko?" Nikajua anakumbuka nini. Zamani lori lilisimama njia panda kuziba pancha, na juu ya mizigo alikuwepo mtoto wa sokwe amefungwa kamba kiunoni. Yaya alimpa ndizi. Sokwe akaishika kwa mikono miwili, akamtazama. Lori likaondoka, na kwa miaka Yaya aliendelea kuuliza, mara moja moja bila kutarajia jibu, yule mtoto alifika wapi.

Nikamwambia kuwa hapa mjini kuna kituo cha J.A.C.K., kilichoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau, kwa ajili ya sokwe wadogo wanaookolewa mikononi mwa wafanya magendo. Mama zao huwa wameuawa porini, wao wanauzwa wakiwa hai. Simu ilinyamaza kidogo. "Mudogo," akasema, "miye nataka kuona."

Sikumbuki Yaya akisema "nataka" juu ya kitu kisichokuwa kifaa cha kazi. Nikaahidi kabla sijajua nitafanyaje.

Nilianza kwa kumuuliza upana wa kiti chake. Akakata kamba yenye urefu sawa na upana wa kiti kutoka gurudumu hadi gurudumu, pamoja na nafasi ya vidole vyake vinavyosukuma, akaituma kwa dereva wa gari la samaki. Ilifika ikinuka chisense, wale samaki wadogo. Kwa kamba ile nikaenda mapema peke yangu kila mahali tulipotaka kufika, nikapima malango, milango ya vyoo, nafasi kati ya meza za mkahawa. Walinzi walinitazama kwa mashaka. Mmoja aliuliza kama nataka kununua mlango. Nilipomweleza, alinishika mkono akanionyesha lango la nyuma ambalo magari ya mizigo hupitia, pana, bila kizingiti. Nimejifunza tangu siku ile kuanza na walinzi na wafagiaji, kwani ndio wanaojua ardhi ya mahali.

Ardhi ndiyo kila kitu. Mtu anayetembea haoni tofauti ya saruji, changarawe na udongo laini. Miguu yake inajirekebisha yenyewe. Viti vingi vya msaada vinavyofika kwetu ni vya hospitali, vilivyotengenezwa kwa sakafu laini. Magurudumu yake ya mbele ni madogo na membamba, yanazama kwenye kokoto, kiti kinasimama ghafla na mwenye kiti anaruka mbele. Mmarekani Ralf Hotchkiss, aliyepooza baada ya ajali ya pikipiki mwaka 1966, alitumia maisha yake kushughulikia tatizo hilo. Kiti chake kinachoitwa RoughRider kina gurudumu la mbele pana na laini, nalo limesogezwa mbele zaidi ili kiti kisipinduke. Shirika la Motivation la Uingereza nalo limeunda viti vya magurudumu matatu vya barabara mbaya, na chuo cha TATCOT cha Moshi, Tanzania, kimefundisha mafundi wa viti kutoka nchi nyingi za Afrika. Elimu ipo, na imekaa karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Yaya hakungoja kiti kipya. Kasomeno anatumia kinga, yaani baiskeli, ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, kama ile ambayo watu wenye ulemavu wanapitishia mizigo mpakani Kasumbalesa, lakini kinga ile haiingii kwenye teksi. Basi akachukua kiti chake cha ndani kwa fundi wa kuchomelea, akamchorea chini kwa kijiti anachotaka, na wakabadilisha magurudumu ya mbele. Kiti kikawa kizito kidogo, ila kikakubali mchanga.

Jambo la choo ndilo lililonifungua macho kuliko yote. Yaya alipofika kwangu jioni kabla ya matembezi, nilimpa maji, akayaweka kando. Nikampa chai, akaonja tu. Baadaye nilielewa: hivyo ndivyo alivyosafiri maisha yake yote. Akijua kesho yuko safarini, anaacha kunywa tangu jioni, kwa kuwa hajui kama atapata choo chenye mlango wa kupita. Matanga yote yale, maombi yote yale juani, alikuwa na kiu. Sisi tulikuwa tunaimba. Nikamweleza kwamba choo nimekipima, kamba imepita, na ndani kuna ukuta wa kushika. Alinitazama sana. Kisha akanywa kikombe chote, akaomba kingine.

Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, mimi, Yaya, na binti zangu wawili. Jumapili bustani ya wanyama imejaa familia: mama wenye vitenge vya sherehe, vijana wapenzi, wapiga picha, watoto wakivutana kwenda kwa simba. Tulipokuwa kando ya lango, baba mmoja mwenye suti alipita, akainama, akaweka noti ya faranga mkononi mwa Yaya bila kusimama. Binti yangu mkubwa alikasirika mpaka machozi. Yaya akamwita yule baba kwa sauti ya upole: "Baba, aksanti sana. Lakini miye niko mugeni tu sawa weye, nakuja kuona simba." Akamrudishia. Yule baba alisimama, akacheka kwa haya, kisha akauliza ametoka wapi. Kumbe mke wake ni wa Kasenga. Waliongea habari za bei ya samaki hadi nikaanza kuona jua linakwenda.

Ndani nilipata somo lingine. Nilizoea kushika vishikio vya kiti na kusukuma kama ninavyosukuma toroli sokoni. Yaya aliniambia: "Uachilie. Nikichoka nitasema." Hapo ndipo nilipomwona Yaya akichagua. Alikaa mbele ya mamba muda mrefu kuliko watoto walivyoweza kuvumilia. Ndege hakuwataka. Kwa simba alirudi mara nyingine. Mtu anayesukumwa huona kile msukumaji anachoona ni kizuri. Tangu pale nimekuwa nikitembea kando yake, bega langu likiwa usawa wa sikio lake, na tunasikilizana vizuri zaidi hivyo.

Kuhusu sokwe nitasema machache. Alimwona mmoja mkubwa akiwa ameketi, mikono imekunjwa. Yaya hakudai kwamba ndiye yule wa kwenye lori. Aliniuliza tu sokwe anaishi miaka mingapi, nikamwambia nilichowafundisha wanafunzi, kwamba anaweza kupita 40. Akapiga hesabu kimya kimya. Baada ya hapo akaomba chipsi.

Siku iliyofuata tulikwenda mahali pengine, bustani moja ya michezo ya watoto, ya mtu binafsi, ambayo jina lake nitaliacha. Kuna bembea, kuna magari madogo ya kugongana, na kuna mashine ya kuzunguka yenye viti vinavyoning'inia kwa minyororo. Mlangoni kulikuwa na ngazi tatu, na siku nilipokuja kupima nilikuwa nimeahidiwa mbao mbili za kupitishia kiti. Mbao hazikuwepo. Vijana wanne wakaja mbio kumbeba Yaya. Akainua kiganja: "Ngojeni. Muniulize kwanza." Kisha akawafundisha: mmoja nyuma ashike vishikio, wawili washike chuma cha pembeni, wala si magurudumu, maana gurudumu linazunguka mkononi na kukuangusha, kiti kiegemezwe nyuma, kupanda ni kwa kurudi kinyumenyume, ngazi moja, pumzi, ngazi nyingine. Wakapanda bila kutikisika. Kijana mmoja aliniambia baadaye kwamba bibi yake hatoki ndani tangu mwaka jana kwa sababu hawakujua jinsi ya kumshusha.

Watoto walipopanda mashine ya kuzunguka, Yaya alinunua tiketi na yeye. Mwenye mashine akakataa. Hakuwa mkorofi. Aliogopa, na sababu yake ilikuwa ya haki: umeme ukikatika mashine ikiwa juu, watu wote wataruka chini, huyu je? Lubumbashi umeme unakatika, hilo halina ubishi. Nimesoma kwamba hata bustani kubwa za Marekani na Ulaya zina masharti ya namna hiyo kwenye michezo mingi: mtu awe na uwezo wa kuhama kutoka kiti chake hadi kiti cha mchezo, na kuwe na njia ya kumtoa mashine ikisimama. Yaya aliuliza maswali kama fundi. Viti vinapanda urefu gani? Mkanda uko wapi? Breki ni ya mkono? Mashine ikisimama bila umeme, inashuka yenyewe? Ikashuka yenyewe, polepole, walipojaribu bila mtu. "Basi," akasema Yaya, "nitashuka nayo." Akasogeza kiti chake sambamba na kile cha minyororo, akafunga breki, na kwa mikono iliyozungusha kinga barabara za Kasomeno tangu utoto akajiinua na kuhamia. Nilifunga mkanda wake kwa ombi lake.

Nimemwona Yaya akicheka maisha yangu yote. Ni mtu wa utani. Lakini kicheko cha pale juu sikukijua. Kilikuwa kikubwa, hakina mpangilio, kinakatika na kuanza tena kila akizunguka upande wetu. Miguu yake ilining'inia hewani pamoja na miguu ya watoto, yote ikipeperuka sawa. Binti yangu mdogo alimwita mjomba wake kwa kelele, "Yambu! Yambu!", mpaka sauti ikakauka. Nililia pale chini mbele za watu. Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Nilijiuliza ni watu wangapi katika mitaa ya Lubumbashi kama Ruashi, Kenya na Katuba wamekaa nyuma ya pazia, wanapewa bukari, yaani ugali, kwa wakati, wanaoshwa, wanaombewa, na hakuna anayewadai kicheko.

Nikaanza kusoma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Congo ikajiunga nao mwaka 2015. Kifungu chake cha 30 kinataja michezo, burudani, utalii na utamaduni, na kinataja watoto wenye ulemavu kuwa na haki ya kucheza pamoja na wenzao. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu ulinzi maalumu. Na tarehe 3 Mei 2022 ilitiwa saini sheria namba 22/003 ya kulinda na kukuza haki zao. Nilimtumia Yaya maandishi yake kwa simu. Yeye alifurahia zaidi habari nyingine niliyomtumia, ya bustani ya Morgan's Wonderland kule San Antonio, Texas. Baba mmoja, Gordon Hartman, aliona watoto wakimwacha binti yake Morgan peke yake bwawani, akaenda kujenga bustani nzima ambayo kila mchezo unampokea mwenye kiti. Ilifunguliwa mwaka 2010. Farasi wa kuzunguka wana nafasi ambapo kiti cha magurudumu chenyewe kinapanda na kushuka, na mwenye ulemavu anaingia bure. Mwaka 2017 wakaongeza bustani ya maji, yenye viti vinavyoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa badala ya betri, ili vilowane bila kuharibika. Yaya aliisoma habari ile ya hewa, nadhani, kwa siku nyingi. Aliniuliza mitungi ni ya ukubwa gani.

Hatuna fedha za Texas. Lakini mwenye ile bustani ya ngazi tatu alipokea simu ya Yaya. Kila ngazi ina sentimita 15, Yaya akamwambia, zote 45. Na mteremko ambao mtu anaweza kupanda kwa mikono yake mwenyewe unahitaji urefu mara 12 ya kimo chake. Maana yake ni mita 5 na sentimita 40. Mwenye bustani aliguna: nafasi ya mbele ya lango haitoshi. Yaya akamwambia auzungushe ukutani, wenye kona moja iliyo tambarare ya kupumzikia. Miezi ikapita, nikadhani ameachana nalo. Kumbe alikuwa anangoja saruji ishuke bei. Mteremko upo leo. Mama wenye vigari vya watoto wanautumia, na kijana anayeleta makreti ya soda anautumia kuliko wote.

Kanisani sasa tuna kikundi. Baada ya mavuno tunawachukua wazee na watoto wenye ulemavu wa mitaa yetu kwenda kutembea. Mtu mmoja huenda mapema na kamba, kila mtu kamba yake, kwa kuwa viti havilingani. Wengine walipinga mwanzoni. Mzee mmoja wa baraza, mtu ninayemheshimu sana, aliuliza kwa nini sadaka itumike kwa bembea wakati kuna wagonjwa wasio na dawa. Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwomba aje nasi. Alimsindikiza mama mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya sukari, wakakaa kando ya simba wakila maandazi, na aliporudi aliuliza tu safari ijayo ni lini. Mimi sijasema dawa ipunguzwe. Nasema mtu anayepelekwa hospitali tu atamaliza maisha yake bila kujulikana na watu wake mwenyewe.

Bado yako mengi. Teksi nyingi zinatukwepa zikiona kiti, na madereva wengine wanadai nauli ya mtu mzima kwa ajili ya kiti kilichokunjwa. Vyoo vya umma vyenye mlango mpana ni vya kutafuta. Na polio yenyewe haijaisha kabisa: Afrika ilitangazwa kuwa huru kutokana na virusi vya mwituni vya polio mwezi Agosti 2020, lakini aina inayotokana na virusi vya chanjo bado inapita Congo mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa. Yaya ana kibao mezani kwake pale njia panda, anakumbusha kila mama anayeleta simu: mtoto amechanjwa?

Juzi amenipigia tena. Amesikia habari za maporomoko ya Lofoi, ndani ya hifadhi ya Kundelungu iliyoundwa mwaka 1970, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300. Nikamwambia njia ya kule ni ya mawe na milima. Akasema analijua hilo, ndiyo maana ameanza kuandika maswali ya kuwauliza walinzi wa hifadhi. La kwanza ni gari linaishia wapi. La pili ni kutoka pale kuna umbali gani hadi mahali ambapo mtu aliyekaa chini anaweza kuyaona maji. La tatu linahusu choo. Ameniagiza nianze kuulizia wiki hii, kabla mvua hazijaanza.